Ufagio wa Bi Siwema

Eliasi alifungua kitabu chake mwenyewe, ukurasa wa arobaini na moja, akakuta neno moja limetoka. Halikufutwa wala kukwanguliwa. Palibaki pengo jeupe katikati ya mstari, na chini, juu ya sakafu ya saruji, kivumbi cheusi kama masizi ya kibatari. Akakipuliza. Wino wa siku hizi, akasema, nao adimu kama sukari.

Ilikuwa adhuhuri. Wauza nazi wa mbele ya nyumba walikuwa wamejinyoosha juu ya magunia yao, Kariakoo imetulia kidogo. Ndipo akasikia kutoka uani: chwa. Chwa. Chwa. Ufagio wa njiti. Na harufu ikaja, ile ya vumbi lililonyunyiziwa maji. Sasa nikuulize wewe, nani anafagia uani jua la utosi, watu wako mezani? Katika nyumba ile mwenye kufagia saa hizo alikuwa mmoja tu, Bi Siwema wa chumba cha uani, na Bi Siwema walikuwa wamemzika wiki saba zilizopita.

Eliasi alikuwa msomi, mtu wa Masasi, amepanga vyumba viwili vya mbele pamoja na mkewe Klara. Kitabu chake kilihusu usawa: nani katika mji huu hukaa barazani na nani hupitia mlango wa nyuma, na kwa nini wajukuu wa watumwa bado wanainamisha macho hata baada ya Azimio. Kitabu kizuri, simnyimi haki yake. Walikisoma Chuo Kikuu, wakakisoma kwa sauti kwenye kisomo cha watu wazima pale Mnazi Mmoja. Lakini utamu wote wa kitabu ulikuwa sura ya tatu, na sura ya tatu ilikuwa Bi Siwema.

Mwaka mzima alimkalia uani na daftari lake, bibi wa watu akichambua mchele. Hatimaye siku moja bibi akafungua moyo. Mama yake alikuwa mjakazi, alinunuliwa kusini angali mtoto. Kazi yake ilikuwa kufagia ua adhuhuri, mabwana wakishakula na kulala. Utumwa ulipokwisha hakuacha kufagia, maana ufagio ule ulikuwa na mwenyewe: jini aliyemfuata tangu njiani, aliyetaka kila adhuhuri asikie njiti zikigusa ardhi. Mama alipokufa, jini akapanda kwa binti.

"Andika, mjukuu wangu, watu wajue tulivyofanywa," alisema Bi Siwema. "Ila Zamzam, binti ya mwanangu, ameposwa Magomeni, kwa watu wanaojiita waungwana. Wasijue kuwa ni sisi."

"Bibi, jina lako sitaliandika. Naapa."

Na kweli hakuliandika. Aliandika tu nyumba yenye mlango wa kijani, mkabala na wauza nazi, na bibi anayefagia adhuhuri. Jamani! Bibi anayefagia adhuhuri Kariakoo nzima ni mmoja! Ni sawa na kumficha ng'ombe ukamwachia kengele shingoni. Baba wa mchumba alikuwa mwanafunzi wa kisomo. Aliusikia ukurasa wa arobaini na moja ukisomwa, akarudi kwake, na kesho yake uchumba ukavunjwa.

Bi Siwema hakumgombeza Eliasi, na hilo ndilo lililomtafuna. Alimtazama tu, ufagio mkononi, akasema, "Umenifagia, baba," akaingia chumbani. Mwezi haukuisha, akafa. Eliasi alibeba jeneza pamoja na wanaume wengine, akitokwa jasho, na hakuweza kumtazama Zamzam usoni.

Neno lililotoka siku ile lilikuwa "bibi." Siku ya pili yakatoka "mama yake" na "mjakazi." Siku ya tatu Eliasi alikifunga kitabu, akakikalia kabisa, nikikwambia alikikalia kama kuku, na adhuhuri ilipofika akaisikia ile chwa, chwa, si uani tena bali ukumbini, ikija polepole kama mtu asiye na haraka kwa sababu anajua kazi ni ya kila siku, ikapita kizingiti, ikapita chini ya kiti, ikamgusa visigino kwa njiti baridi zenye maji, na aliponyanyuka kitabu kilikuwa vilevile ila juu ya jalada, pale palipoandikwa jina la mtunzi, hapakuwa na kitu.

Tangu hapo jina lake likaanza kwisha kila mahali. Barua ya kazini ikaja haina wa kupokea. Wapangaji wenzake wakawa wanamwita "ndugu" tu. Klara akimwita chakula anaanza, "E..." anakwama, anashika paji la uso.

"Klara," alimnong'oneza siku moja. "Unasikia kitu saa hizi?"

"Usiseme kwa nguvu." Midomo ya Klara ilikuwa imekauka. "Nasikia tangu juzi. Kinafagia chini ya kitanda chetu. Twende kwa Bi Mauza, mume wangu."

"Kwa mganga? Padri akisikia?"

"Padri atakuzika kwa jina gani?"

Bi Mauza alikaa upande wa Msimbazi, mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alimfunika Eliasi shuka jeupe, akatia ubani kwenye chetezo, akauliza kwa upole kama anayemkaribisha mgeni, "Haya, uliyekuja, una nini na huyu?" Hapakuwa na jibu. Kulikuwa na chwa, chwa, kutoka chini ya mkeka waliokalia.

Bi Mauza akaweka chetezo chini. Kisha akalifunua shuka.

"Huyu jini hapandi kwa mgeni," alisema. "Ni wa ukoo, wa watu waliouzwa. Wewe na marehemu mna udugu gani?"

"Hatuna udugu wowote."

Ufagio ukasimama. Harufu ya vumbi bichi ikamjaa Eliasi mpaka kooni, akakohoa, akakohoa tena, na juu ya shuka jeupe yakamwagika masizi meusi kutoka kinywani mwake. Klara akapiga ukelele. Bi Mauza hakutikisika.

"Nimekuuliza, baba. Mna udugu gani?"

Basi akasema, machozi yakimtoka. Bibi yake mzaa baba alifikishwa misheni Masasi na kovu la kamba shingoni. Alinunuliwa angali mtoto kama mama yake Bi Siwema, njia ileile, watu walewale. Nyumbani lilikuwa jambo la kunong'ona. Alipokuja Dar es Salaam kusoma akajitengenezea babu, akawa mjukuu wa jumbe, na hata katika utangulizi wa kitabu chake aliandika hivyo. Miaka yote ile alikuwa akitafuta mtu wa kulisema jambo lake kwa niaba yake. Akampata kikongwe uani.

Klara alimtazama. "Mimi pia uliniambia jumbe."

"Niliona haya."

"Na Bi Siwema yeye hakuona haya?"

Eliasi akajifuta masizi mdomoni.

"Sikiliza dawa yako," Bi Mauza akasema. "Hirizi sina. Pale marehemu alipovuliwa sitara, na wewe ujivue. Simama mbele ya watu walewale useme wewe ni wa nani. Ukisema, ufagio utatulia. Usiposema, mwenye ufagio anataka mtu wa kufagia. Hatakaa bila kiti, yaani mtu wa kumpanda."

Alhamisi alasiri Eliasi akaenda Mnazi Mmoja. Mwalimu Bakili, aliyekuwa akiongoza kisomo, alimshika mkono kwa furaha, akaigeuza karatasi yake mara mbili akitafuta jina, akaishia kusema, "Ndugu wanakisomo, huyu hapa mgeni wetu, mwandishi wa kile kitabu cha usawa." Watu wakapiga makofi. Safu ya mbele alikaa yule baba wa Magomeni, kanzu safi, daftari gotini. Mlangoni alisimama Zamzam na kanga ya msiba. Klara ndiye aliyempelekea habari aje.

Eliasi akasimama. Maneno alikuwa nayo, alikuwa ameyarudia njia nzima: mimi ni mjukuu wa mtumwa. Maneno matano tu! Akamtazama yule mzee wa kanzu, naye mzee akamtabasamia kwa heshima, vile mtu anavyomtabasamia mjukuu wa jumbe. Loo, heshima ni tamu, mwenzangu. Kinywa kikafunguka.

"Ndugu zangu," akasema, "someni kwa bidii. Elimu haina mwisho."

Makofi. Akakaa. Alipotazama mlangoni, Zamzam alikuwa ameondoka.

Alirudi kwa miguu, jua likiwa bado limening'inia juu ya mapaa, aibu imemshika. Lakini mtaa ulikuwa kimya. Hakuna chwa. Akasimama mbele ya mlango wa kijani akasikiliza kwa muda mrefu, na moyo wake, moyo wa mwanadamu ulivyo mpumbavu, ukaanza kufurahi kwamba labda kwenda kwake tu kumetosha, labda jini ameridhika, labda kesho atakwenda kwa Zamzam faraghani amweleze, wawili tu, bila watu. Akabisha hodi.

Klara akafungua. "Karibu, baba. Unamtafuta nani?"

"Klara, ni mimi."

"Wewe nani?"

Akafungua kinywa. Akatafuta. Akaingiza mkono mfukoni akatoa kadi yake ya Chama. Picha ilikuwapo. Penye jina palikuwa peupe, na vidole vyake vilikuwa vimejaa masizi.

Klara akamwonea huruma, mama wa watu. "Kama wewe ndiye mpangaji mpya wa chumba cha uani, pitia nyuma. Huku ni mbele."

Akazunguka. Ua ulikuwa umekwisha kunyunyiziwa maji. Ufagio uliegemezwa ukutani, njiti zake bado mbichi.

Mpaka leo yupo. Zamzam humpelekea sahani ya wali kila mchana, humwekea kizingitini, hurudi zake. Katika mji huu wote ni yeye peke yake anayelijua jina lile, na hajalisema. Wewe ukipita adhuhuri ukamwuliza anaitwa nani, atainamisha macho, atakujibu kwa adabu, "Subiri kidogo, baba, nimalize kufagia."