Programu Mbili, Faili Moja

Zamu ya asubuhi inatoka, ya mchana inaingia, na lango la kiwanda cha mabati limefurika watu. Mtu akamkanyaga binti mmoja kisigino, kamba ya kiatu ikakatika. Aligeuka na kofi tayari. Likampata kijana wa shati la buluu ambaye hakuwa amemkanyaga mtu.

"Mkono mzito huo, dada. Unafua vyuma?"

"Naandika programu." Aibu ilimjaa.

"Basi ndiwe mwenzangu. Nami naandika programu, naanza kazi leo. Nimeshakaribishwa."

Mapenzi hayakuchelewa. Programu ya binti ilihesabu watu walioingia chini ya mashine ya kubana bati na kuandika idadi yao kwenye faili. Ya kijana ilisoma faili hiyo hiyo. Ikiona hakuna mtu, inashusha chuma.

"Faili nimeitia kufuli, laazizi," binti alimwambia kwenye simu. "Nikiwa naandika, usisome."

"Nikuvunjie kufuli, mpenzi? Nitaanzia wapi?"

Wakacheka, wakahamia kwenye mambo matamu zaidi.

Wiki haikuisha. Chuma kilimshukia kaka yake binti, msimamizi wa zamu, kikamkata mkono wa kulia. Damu iliruka hadi kwenye gauni la njano la binti.

"Umevunja kufuli langu," binti alimfokea mpenzi wake.

"Sikukuta kufuli lolote. Ulisema umeweka, hukuweka."

"Muongo mkubwa." Akampiga ngumi, mdomo ukapasuka, wakaachana hapo hapo.

Kaka alipotoka hospitali, alikuja kiwandani na nondo mkono wa kushoto. Alimkuta kijana uani, akamvunja mbavu. Ofisini, binti alikuwa akiipekua programu ya kijana kutafuta ushahidi wa kumfunga, na alichokiona kilimkausha mate. Kufuli la faili ni alama tu, humzuia anayeuliza kama lipo. Programu ya kijana haikuuliza. Kijana alidhani kufuli linazuia lenyewe, na binti hakuwahi kumwambia. Ilisoma faili wakati programu ya binti imefuta idadi ya zamani na bado haijaandika mpya, ikaona hakuna mtu.

Akasikia yowe la kijana uani, akakimbia akamlalia. Nondo ilikuwa tayari inashuka, ikamvunja binti bega.

"Kaka, mkono wako tumeukata sote wawili. Sikumweleza, naye hakuniuliza."

Kaka alihema kwa hasira. "Basi itengenezeni hiyo mashine. Halafu msimame chini yake, niwashe mimi."

Wakatengeneza. Wakasimama chini ya chuma, binti bega limefungwa, kijana kajishika mbavu.

"Ukiogopa, toka," binti alinong'ona.

"Nikitoka nitakuoaje?"

"Hujaniposa."

"Nakuposa sasa. Jibu upesi."

"Nimekubali, mwehu wewe."

Kaka akabonyeza. Mashine ikanguruma, chuma hakikushuka. Akabonyeza tena, kwa ngumi, akitukana. Hakikushuka. Akakaa sakafuni akalia kwa sauti, na wao wakatoka kwenda kumkumbatia.