Sista Mpole wa Wodi ya Wazazi

Kitu cha kwanza kumshtua Nthambi kilikuwa ni viatu. Ko, ko, ko, vilipita koridoni taratibu, vigumu kama vya mwanamke anayekwenda harusini, ilhali wauguzi wote wa hospitali ile ndogo ya Voi walivaa viatu laini vya mpira. Sista Jedidah, aliyekuwa zamu peke yake mchana huo, alikuwa ameinama juu ya tumbo la Nthambi na kile kipembe cha kusikilizia moyo wa mtoto. Viatu vikasimama nyuma ya mlango, kisha vikarudi vilikotoka.

Nthambi akauliza ni nani huyo. Jedidah akasema yeye hakusikia mtu, na mwenye uchungu aache umbea.

Hivyo ndivyo alivyokuwa Jedidah, binti wa kutoka Mghange, huko milimani, mdomo mkali. Asubuhi Nthambi alipopiga kelele, aliambiwa anyamaze, mbona alipokuwa akimtafuta huyo mtoto hakupiga kelele. Maneno hayo anayajua karibu kila mwanamke aliyezalia hospitali, na ni maneno ya aibu. Nthambi, anayeuza matikiti maji kando ya barabara kuu huko Miasenyi na ambaye hakuna dereva wa lori aliyewahi kumpunja, alimjibu kwamba hakuja pale kuhubiriwa. Wakanuniana. Lakini alikaa, kwa sababu wawili waliotangulia walimtoka kabla ya kufika miezi yao, na huyu alikuwa amefika. Huyu alimtaka kuliko alivyotaka heshima.

Kitanda cha pili alilala Kalondu, aliyejifungua jana. Mtoto wake alitoka kimya, akafunikwa, akaondolewa. Kilichomtia Nthambi baridi ni kwamba Kalondu hakuwa akilia. Alitazama dari akitabasamu, na wala hakuwa ameuliza kama alizaa mvulana au msichana.

"Ukisikia viatu, muite," Kalondu alinong'ona. "Huyo ni mpole. Hafokei mtu. Aliniambia nipumzike, na mimi nikapumzika."

"Sista gani huyo?"

"Hakusema jina. Mkono wake ni baridi, ananukia udi."

Nthambi akawaza jini. Kwao majini yalikuwa mambo ya Mombasa, lakini treni inayotoka Mombasa haiulizi abiria kama ana vidole au kwato. Akajiambia kwamba ni msiba tu unaomsemesha mwenzake.

Saa nane stima ikapotea. Feni ikazunguka kivivu, ikasimama, na joto la Voi likaijaza wodi. Uchungu ulikuwa umekolea sasa. Nthambi aliita sista, naye Jedidah akajibu kutoka wodi ya wanaume kwamba asubiri, ana mikono miwili tu. Akaita tena. Hakujibiwa, na hapo ndipo viatu vilipokuja.

Udi ulitangulia, mtamu, na chini yake harufu ya manyoya yaliyolowa, kisha akaingia mwanamke mrefu mwenye gauni jeupe linaloburuzika sakafuni, uso wake mzuri lakini unaosahaulika kila Nthambi alipopepesa macho, akaketi kitandani bila godoro kubonyea, akamshika mkono wa kushoto, na baridi ikapanda kutoka vidoleni hadi begani, ikashuka kifuani, ikaelekea tumboni, na kila ilipopita maumivu yakakatika, mpaka Nthambi, Mungu amsamehe, akashukuru.

"Pole, mama," mwanamke alisema. "Wamekutesa. Acha kusukuma. Pumzika, mimi nitambeba."

Tangu asubuhi hakuna aliyemwambia pole. Machozi yalimtoka, kope zikawa nzito. Kisha akahisi kwamba mtoto, aliyekuwa akipiga mateke tangu alfajiri, ametulia, na utulivu ule aliufahamu, alishaupitia kwa wale wawili. Akayafungua macho kwa nguvu. Gauni lilikuwa limepanda kidogo, na chini yake palikuwa na kwato.

"Jedidah!"

Jedidah alikuja mbio, mdomo tayari umejaa makaripio, akafika mlangoni na kuona. Bakuli la chuma likamponyoka. Akarudi nyuma hatua moja.

"Nishike mkono," Nthambi akasema. "Usiniache na huyu."

"Huyo amekutukana," jini likasema kwa upole uleule. "Mimi nimekwambia pole."

"Ni kweli amenitukana." Meno ya Nthambi yaligongana. "Hilo tutalimaliza mimi na yeye. Lakini kutwa nzima ameinama hapa kusikiliza moyo wa mtoto wangu. Wewe hujamuulizia hata mara moja. Mkali wangu ndiye ninayemtaka."

Jedidah akavuka chumba, akaushika mkono wa kulia wa Nthambi. Mkono wake ulikuwa wa moto.

"Nisamehe kwa yale maneno," alisema. "Niko hapa, siendi mahali. Sasa sukuma, mama."

Uchungu ukarudi wote kwa pamoja, na Nthambi akaupokea kama mali yake iliyoibwa, akasukuma huku jini likimvuta kushoto na Jedidah kulia, kitanda kikikwaruza sakafu, udi ukimkaba koo, akasukuma akilitukana jini kwa Kikamba na Kiswahili, hadi ile baridi ikamwachia mkono ghafla na mtoto akalia.

Kalondu aligeuka kitandani. Tabasamu lilikuwa limemtoka.

"Wangu alikuwa nani?" akauliza.

"Msichana," Jedidah akasema polepole. "Alikuwa msichana, Kalondu. Pole sana." Na Kalondu akaanza kulia, kilio kirefu cha mama aliyefiwa.

Ko, ko, ko. Viatu vilikuwa vikielekea wodi ya wanaume, ambako mzee mmoja alikuwa akiita sista kwa sauti iliyochoka. Jedidah alitazama mlango, akatazama damu ya Nthambi ambayo bado alikuwa hajaizuia, akabaki hapo hapo na kazi yake. Nthambi akamkumbatia mwanawe kifuani na kupaza sauti.

"Mzee, usimuitikie huyo! Sista wako anakuja!"

Viatu vikasimama katikati ya korido, vikisubiri. Nthambi akavuta pumzi, akaita tena.