Udongo Mweusi Chini ya Bara

Kila asubuhi kabla ya kengele, Adventina alipitia darasani kuangalia bara lao. Naam, bara zima, ndani ya sanduku la mbao juu ya meza ya mwalimu! Wanafunzi wa darasa la sita wa shule ya Kamunyonge, mjini Musoma, walilijenga wenyewe. Chini waliweka mchanga mweupe wa ziwani wenye makombe ya konokono, na juu yake udongo mwekundu wa kichuguu ambao babu wa mwanafunzi mwenzao, Rhobi, aliwaletea kutoka Butiama.

"Bara lenyewe liko mbali, jirani na Nyuzilandi, na karibu lote limefunikwa na bahari," Mwalimu Bonifasi aliwaeleza. "Zamani sana, kipande kizito cha sakafu ya bahari kilianza kuzama kuelekea chini yake. Ulipoanza tu mwendo huo, ardhi ya juu ikakunjamana. Sehemu nyingine zilinyanyuka karibu na uso wa maji, kisha zikazama tena, zikaenda chini kuliko zilivyokuwa mwanzo."

"Nani aliona, Mwalimu?" aliuliza Lameck, ambaye haamini kitu mpaka akiguse.

"Hakuna aliyeona. Wataalamu walitoboa sakafu ya bahari kwa bomba refu. Huko kilindini wakakuta mabaki ya viumbe wanaoishi kwenye maji ya kina kifupi. Wakajua kwamba pale palikuwa juu."

Ubavuni mwa sanduku palikuwa na ubao wa kusukuma ili ardhi ikunjamane, nao haukuruhusiwa kuguswa hadi siku ya maonyesho ya shule mjini Bunda. Rhobi ndiye aliyechaguliwa kwenda kueleza, maana kwenye gari la kwenda huko nafasi ya mwanafunzi ilikuwa moja tu. Ndiye pia aliyenyunyizia udongo maji usipasuke. Furaha yake ilikuwa kubwa, kwani dada yake Flora, aliyeolewa Bunda, alikuwa amejifungua, na Rhobi alikuwa hajamwona mtoto.

Wakati wa mapumziko, Adventina aliingia darasani peke yake. "Nitasukuma kidogo tu," alijiambia. Akasukuma, na kilima kikainuka. Lo, alivyofurahi! Akasukuma tena, sasa kwa nguvu. Udongo ukapasuka na katikati ya bara pakabomoka. Mbio akaenda kwenye bustani ya mchicha, akachota udongo mweusi, akajaza shimo na kupaka ule mwekundu juu yake.

Lakini mchana ufa ulijitokeza palepale.

"Rhobi, umemwaga maji mengi!" alifoka Mwalimu Bonifasi.

"Hapana, Mwalimu. Mimi nanyunyiziaga kidogo tu."

"Gharika huyo!" Lameck alidakia, na darasa zima likacheka.

Mwalimu akamgeukia Adventina. "Wewe huwa hukai mbali na hili sanduku. Uliona nini?"

Adventina alijibu, "Nilimwona akimwaga maji mengi, Mwalimu."

Basi safari ikatolewa mkononi mwa Rhobi, ikawekwa mkononi mwa Adventina. Rhobi alikwenda kuketi nyuma akainamisha kichwa, na jina la Gharika likamganda kama kupe.

Jioni ile mama yake Adventina aliwatangazia majirani kwamba binti yake anakwenda Bunda. Akapika ugali wa muhogo na furu, wale samaki wadogo ambao Adventina huwapigania na kaka zake. Adventina akawasogezea kaka zake sahani yake. "Nimeshiba, mama," alisema.

"Umeshiba nini na hujala?"

Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata alikuwa Adventina. Aliona aibu hata kumtazama mama yake usoni.

Siku moja kabla ya safari, Mwalimu alimwalika Mama Selestina, mtaalamu wa miamba aliyefanya kazi upande wa Buhemba. Alilitazama bara, akatabasamu, kisha akatoa bua la jani la mpapai, lenye tundu ndani.

"Tutoboe kama wale wa baharini," alisema, akampa Adventina. "Hapa katikati, mwanangu. Tuone tabaka zenu."

Adventina alijua kilichokuwa chini pale. Angeweza kulisogeza bua pembeni kidogo, na nani angejua? Akaangalia nyuma. Rhobi alikuwa anautazama udongo wa babu yake, si yeye. Moyo ukamsuta hadi machozi yakamtoka. Akatoboa katikati, akalipasua bua mbele ya wote. Kati ya ule mwekundu na mchanga palikuwa na udongo mweusi tii.

"Huu ni wa bustani," alisema. "Nimeuweka mimi. Nilisukuma ubao, bara likabomoka. Rhobi hakumwaga maji. Nilisema uongo."

Mwalimu Bonifasi alimwendea Rhobi kwanza. "Nisamehe, mwanangu. Nilihukumu kabla ya kutoboa. Kesho unakwenda Bunda wewe."

Rhobi alifuta macho. "Asante, Mwalimu. Lakini wananiitaga Gharika mpaka nyumbani."

Mwalimu akamgeukia Adventina. "Umefanya vizuri kusema. Ila kumbuka, kosa ukilisukuma chini halijaisha. Linakunja kila kilicho juu yake, na mara nyingi anayeumia ni mwenzako. Tena bara lile halikurudi lilivyokuwa. Msamaha unauomba leo. Uaminifu utaujenga polepole, kwa kusema kweli kila siku."

Adventina aliomba msamaha, na usiku ule alimweleza mama yake yote. Asubuhi alisaidia kubeba sanduku hadi kwenye gari. Rhobi alipanda, hakutabasamu, ila alipunga mkono.

"Kwaheri, Gharika!" alipayuka Lameck.

"Anaitwa Rhobi," Adventina alisema, mbele ya watu wote waliokuwepo. "Gharika ni mimi."