Lenzi ya Kuazima

Lenzi ile ilikuwa na joto.

Ilikuwa asubuhi ya mwezi wa saba, baridi ya Tabora imeshika, watu wanafungua maduka huku wamejitanda khanga mbilimbili. Kila kitu mle studio kilikuwa baridi: meza, miguu ya kamera, chupa za dawa ya kusafishia picha. Lenzi peke yake, Zeyana alipoitoa kwenye kitambaa chake ili aipanguse, ilikuwa na joto kama kikombe kilichowekwa chini sasa hivi na mtu aliyekuwa akinywa. Akageuka kutazama kama jua limeipata. Dirisha lilikuwa bado limefungwa. Akaipangusa, akairudisha, wala hakumwambia Humaidi, mumewe, maana siku hizo Humaidi alikuwa na furaha na yeye hakutaka kumharibia.

Furaha yenyewe ilitokana na lenzi hiyohiyo. Mwaka ule wa sabini na nne watu walikuwa wakihamia vijiji vya ujamaa, na viongozi wa vijiji vipya walihitaji picha za vitambulisho. Humaidi alikuwa akipanda malori kuwafuata, mpaka siku moja kwenye njia ya Nzega kamera ikaanguka na kioo kikapasuka. Aliandika barua Dar es Salaam. Akajibiwa kwamba lenzi kutoka nje hazipatikani mpaka kibali kitoke, asubiri. Angesubirije, na studio ndiyo sufuria yao?

Akatafuta huku na huku, akapata mbili zilizokwisha kutumika. Ya kwanza ilionekana mpya, lakini walipoielekeza kwenye mwanga waliona ukungu ndani ya vioo, nyuzi nyeupe kama utando wa buibui. "Hii imeshaliwa," Humaidi alisema, akairudisha kwa mwenyewe. Ya pili ilikuwa ya shaba, nzito, mali ya mzee Thuwaini, mpiga picha wa zamani aliyekuwa akifunga nyumba yake ahamie Maskati kwa wanawe. Ilisemekana ilifika Tabora kichwani mwa mpagazi, enzi za misafara. Humaidi aliitikisa karibu na sikio, hakusikia kitu kikicheza. Akaizungusha pete yake, ikazunguka laini. Akaielekeza juani: kioo safi kama maji ya mtungini.

"Hii," alisema.

Mzee Thuwaini alikuwa mtu mpole. Alimpa Fakhria, binti yao wa mwaka na nusu, kipande cha halua, akamsubiri amalize kulamba vidole ndipo akasema neno lake.

"Humaidi, hii sikuuzii. Fedha yako nitaipokea, lakini mdomo wako useme umeazima. Mimi niliipata hivyo, na aliyenipa aliipata hivyo. Ina mwenyewe."

"Mwenyewe nani, mzee?"

"Mwenyewe. Usimtafute, naye hatakutafuta."

Humaidi alitabasamu kwa heshima, akasema: nimeiazima, mwenyewe akiitaka nitairudisha. Zeyana alisimama pale pale, akasikia kila neno. Baadaye jambo hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, kwamba alisikia.

Mambo ya bima aliyaleta Kasimiri, kijana wa Ipuli aliyefanya kazi ofisi ya bima. Hakuwa mtu wa kusumbua watu. Kila akipita alimletea Fakhria karanga za kuchemsha, amezimenya njiani. Safari hii alileta fomu, akakaa kwenye kiti cha wateja. Humaidi alikuwa kwenye chumba cha giza, mikono imelowa dawa, kwa hiyo kalamu ikashikwa na Zeyana.

"Shemeji, mwandiko huu ungefaa ofisini kwetu," Kasimiri alisema.

"Darasa la saba tu huu. Mwalimu wetu alikuwa na fimbo."

Wakaandika kamera moja ya miguu mitatu, taa mbili, lenzi moja ya shaba. Chini yake palikuwa na mstari wa kiapo: mali hii ni yangu, wala si ya mtu mwingine. Kalamu ya Zeyana ikasita.

"Baba Fakhria," aliita kupitia pazia, "na hii ya kuazima nayo tuiandike?"

"Si tumeitolea fedha? Mzee alikuwa na mambo yake tu. Andika, nitatia sahihi."

"Na hapa," Kasimiri alisema, akionyesha kwa kidole, "ni jina la atakayelipwa endapo ninyi hampo. Mnaweza kupaacha wazi."

Zeyana alimtazama Fakhria, aliyekuwa amelala mkekani amekumbatia kiatu cha baba yake. Akafikiria malori, na mito, na zile barabara. Ni mama gani angepaacha wazi mahali ambapo mwanawe angeweza kuandikwa? Akaandika: Fakhria binti Humaidi. Aliyaandika maneno hayo kwa mwandiko mzuri kuliko wote aliowahi kuandika maishani.

Kesho yake ndiyo ile asubuhi aliyoikuta lenzi ina joto.

Baada ya joto ikaja harufu. Chumba cha giza siku zote kilinuka dawa, ukali kama wa siki, lakini sasa chini ya ukali huo palikuwa na harufu nyingine, udi uliolowa na ngozi mbichi, kana kwamba watu wengi wametua mizigo yao ukutani kupumzika. Kisha ikaja sauti. Zeyana akiwa peke yake, mchana kweupe, alisikia pete ya lenzi ikizungushwa taratibu, krr, krr, ikasimama, ikarudi kidogo, kama afanyavyo mtu anayetafuta sura itulie.

Hilari na mkewe Benedikta walikuja kuchukua picha yao ya ndoa. Benedikta aliitazama muda mrefu.

"Mtoto wenu ametoka vizuri," alisema kwa upole.

Zeyana akaichukua. Kando ya gauni jeupe la bibi harusi alisimama msichana wa miaka kama mitatu, nywele zimesukwa. Siku ile ya kupigwa picha, Fakhria alikuwa amelala nyumbani, na nywele zake bado zilikuwa za kitoto, hazishikiki kidoleni. Lakini juu ya jicho la kushoto la yule msichana palikuwa na kovu dogo la mshumaa, na kovu hilo Zeyana alilibusu kila siku.

"Tutawapiga nyingine," alinong'ona.

"Hapana, dada. Tutaichukua hivihivi. Mtoto kwenye picha ya harusi ni baraka." Na Benedikta akamshika mkono kabla ya kutoka.

Picha zilizofuata zilikuwa za viongozi wa kijiji, wazee sita kwenye benchi. Nyuma yao msichana alikuwa na miaka sita au saba. Kwenye nyingine, kumi. Wala hakuwa peke yake tena. Palikuwa na mkono, mkono tu, mrefu wa vidole, umepakwa hina mpaka kwenye kifundo, unatokea pembeni ya picha. Picha moja mkono ulikuwa ukimsuka. Nyingine ulikuwa umeinua mguu wa yule mtoto, unamtoa mwiba, na mtoto ameegemea kwa imani. Zeyana aliutafuta ubaya katika mkono ule, picha baada ya picha, ili apate kuuchukia. Hakuuona, na hilo likamtisha zaidi.

"Anamlea," alimwambia mumewe.

"Nyamaza," Humaidi alisema kwa sauti ndogo. "Usiseme kwa sauti humu ndani."

Na mtoto waliyekuwa naye nyumbani alikuwa akipungua. Hakuwa na homa. Hospitali walimpima, wakasema hana ugonjwa, wakamwandikia vitamini. Lakini kliniki kila walipomweka kwenye mizani mshale ulizidi kurudi nyuma, na mgongoni mwa mama yake alikuwa mwepesi kama ungo. Aliacha kusema "ma", neno pekee alilokuwa nalo. Alikaa mkekani, akafumba jicho moja, akamtazama Zeyana kwa lile jicho lingine, kimya, kama mtu anayempima mwenzake kabla ya kumpiga picha.

Humaidi aliifungua lenzi, akaifungia sandukuni na kulisomea sanduku Yasini. Mchana ule sauti ya krr, krr ikatoka humohumo sandukuni, na asubuhi wakaikuta lenzi imekwisha kujifunga kwenye kamera. Ilikuwa imemwelekea Fakhria, aliyekaa mbele yake kwenye kiti cha wateja, kiti ambacho miguu yake mifupi isingeweza kukipanda, ametulia vizuri na mikono yake ameiweka magotini.

Siku hiyohiyo Humaidi aliitoa filamu iliyokuwa ndani ya kamera, filamu ambayo yeye hakuipiga, akaingia nayo chumba cha giza, na Zeyana akaingia nyuma yake kwa sababu hakuweza kukaa nje. Wakasimama bega kwa bega chini ya ile taa nyekundu wakiitazama karatasi ndani ya sinia la dawa, na kwanza hapakuwa na kitu, kisha ukaja ukingo wa ushungi, na mabega, na mkufu ambao hawakuwahi kuununua, na juu ya mabega ile mikono, sasa yote miwili, imemshika kama mama anavyomshika mwali anayemtoa. Kisha kati ya mikono ikaja polepole sura ya mwanamke kijana mwenye kovu juu ya jicho la kushoto, binti yao mzuri, binti yao mkubwa, ambaye hawakumlisha, hawakumwogesha, hawakumfundisha hata neno moja, naye alikuwa akitabasamu, lakini si kwao, alikuwa amegeuza uso kumtazama yule aliyemshika.

Humaidi alikaa chini kwenye sakafu yenye maji.

Zeyana alimbeba mtoto, akaenda Cheyo kwa miguu, nyumbani kwa Bi Masika, dada yake mzee Thuwaini, ambaye hakwenda Maskati na kaka yake. Watu walimjua kwa kuzungumza na majini kama wengine wanavyozungumza na majirani. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja.

"Mlimwandika wapi?"

"Kwenye fomu ya bima. Tuliapa ni yetu, nikaandika jina lake. Ni mimi, bibi, kwa mkono wangu."

"Usilie, mwanangu. Mwenye kioo hana ubaya. Alifiwa na mtoto njiani, na msafara haukusimama hata azikwe. Tangu hapo amekaa na kile kioo, anatazama watoto wa watu. Ukikiazima, anatazama tu. Ukiapa kwamba ni chako, umemnyang'anya. Halafu ukamwandika mwanao hapohapo juu yake." Bi Masika alivuta pumzi. "Aliona umemlipa."

"Nifanye nini?"

"Kilichoandikwa na mkono huo kifutwe na mkono huo. Na kioo nitakiazima mimi. Mimi sina wa kuandikwa."

Kasimiri hakuuliza maswali. Ofisini kwao walitaka barua na majibu ya barua, lakini alipomwona mtoto alirudi huko, akalichukua faili, akalileta studio chini ya koti, kazi yake ikiwa mashakani. Zeyana akalikata jina, akakikata na kiapo. Bi Masika, aliyekwisha kufika na kuitoa lenzi kwenye kamera, akaiweka fomu ndani ya chetezo pamoja na ubani, akasema kwa sauti ya kawaida, kama anazungumza na mtu aliyekaa karibu naye: "Mwenye kitu, kitu chako. Mwenye mwana, mwana wake. Ahsante kwa malezi."

Moshi ulisimama wima, kisha ukainama wote upande wa mlango. Harufu ya ngozi mbichi iliwapita usoni. Wakasikia nyayo nyingi, za miguu mitupu, zinatoka, zinatoka, mpaka zikaisha barabarani. Moja tu ilikawia kizingitini. Walingoja, hakuna aliyethubutu kugeuka. Kisha nayo ikaenda.

Bi Masika aligusa lenzi. "Baridi," alisema, akaifunga kwenye ushungi wake.

Na Fakhria akalia. Alilia kwa njaa, kilio cha kawaida cha mtoto, na Humaidi, aliyekuwa mlangoni, aligeukia ukuta akaficha uso wake. Zeyana alimpakata, akapoza uji, akampa kijiko baada ya kijiko, naye akala chote, mashavu yakaanza kupata rangi. Kasimiri alicheka peke yake. Zeyana alimpangusa mdomo kwa ncha ya khanga, akamkalisha amtazame vizuri.

Mtoto alimtazama kwa macho yote mawili. Akaiweka mikono yake magotini, akainamisha kichwa kwa adabu, kama msichana aliyelelewa vizuri, na akasema kwa maneno yaliyonyooka, yasiyo na kitembe:

"Shikamoo, bibi. Ahsante kwa uji. Mama yangu atakuja saa ngapi kunichukua?"

Zeyana alisikia kijiko kikianguka, akajua kimeanguka kutoka mkononi mwake. Mtoto alikuwa akingoja, na haikuwa haki kumwacha mtoto wa watu angoje jibu.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Kaa hapa. Tutamngoja wote."