Wageni wa Kibanda cha Mifupa

Kigoda cha mlangoni ndicho kilichotangulia kulowa. Mei-yin alikifuta, akidhani mama mkwe wake amemwaga chai. Alipogeuka kilikuwa kimelowa tena, kinanuka mwani uliooza.

Kazi yake ilikuwa kutembeza watalii katika mji wa pwani wa Shimen: lango la mawe, mnara wa taa wa enzi za Wajapani, miamba ya kijani. Akifika kwenye basi huwaaga kama watu wote wa huko: "Mkipata nafasi, njooni mkae kwetu!" Jana yake mvua iliwakatisha matembezi, akawaaga kwa maneno hayohayo kwenye kibanda cha mifupa ya mabaharia waliozama, wasiojulikana hata majina. Pale hapaagwi. Unainama, unaondoka kimya. Mdomo ulimponza.

Mchana alimkuta mama mkwe amepanga vikombe kumi na kimoja.

"Mama, vya nani hivyo?"

"Vya wageni wako. Punguza sauti, wana baridi masikini."

Siku ya tatu mama mkwe alikuwa hali chakula tena, midomo imegeuka buluu, anacheka na vigoda vitupu. Mei-yin aliogopa, aliogopa hasa. Akakimbilia kwa mganga wa hekaluni.

"Umewaita mwenyewe, nitawafukuzaje?" mganga alinong'ona. "Wasije wakaondoka na mama yako. Wasindikize. Washa udi, tangulia mpaka kwao. Usiage. Na usigeuke, hata ukiitwa kwa sauti unayoijua."

Asubuhi aliwasha udi mlangoni, akatoka, na hakufika hata kwenye kona kabla nyayo za maji hazijaanza nyuma yake, chapa, chapa, nyingi, zikimkaribia mpaka shingo ikamsisimka, na katikati ya nyayo hizo akasikia kandambili zikiburuzwa, na sauti ya mama mkwe ikihema, "Mei-yin, ningoje mwanangu, wananivuta," naye akauma midomo, machozi yakimchuruzika, akakaza mwendo bila kugeuka mpaka kibandani, ambako nyayo zilikoma moja baada ya nyingine, kandambili mwishoni.

Alichomeka udi, akarudi mbio. Vigoda vilikuwa vikavu. Harufu imekwisha. Alicheka kwa furaha.

"Mama! Wameondoka!"

Jirani akachungulia dirishani.

"Hamkupishana? Si alitoka nyuma yako! Nilimwambia apumzike, akasema ni aibu wageni wote wale kusindikizwa na mtu mmoja."