Maji ya Juu na Maji ya Chini

Fundi cherehani alikuwa anatia mpira kwenye kaptula nyekundu. Ilikuwa kaptula ya mumewe ya kuogelea. Mpira ulikuwa mrefu kuliko wa mwaka jana. Alitaka amani nyumbani, kwa hiyo kiuno cha mumewe alikipima kwa macho tu.

Dirisha la chumba cha kushonea lilitazama ziwa. Miezi mitatu ya baridi watu walipita pale wamejifunika mpaka masikio. Sasa jua lilikuwa limewaka siku nne mfululizo.

Mumewe aliingia, mikono imejaa grisi. Alikuwa fundi baiskeli. Mtaani walimwita Kambare, na jina hilo alijipa mwenyewe. Kila mwaka, siku za joto zikianza, aliruka kutoka mwisho wa gati, akaogelea mpaka kwenye boya, akarudi. Watu walitoka kumtazama.

"Mama watoto, imekwisha?"

"Bado kidogo. Maji umeyapima?"

"Nimeyapima kwa kiwiko, kama unavyopima maji ya kumwogeshea mtoto. Vuguvugu!"

"Umepimia wapi?"

"Pale kwenye mchanga. Kwani kuna ziwa jingine?"

Binti yao wa miaka kumi alichungulia mlangoni. Alikuwa tayari amevaa nguo ya kuogelea aliyoshonewa na mama yake.

"Baba ameniahidi," alisema. "Mwaka huu na mimi naruka. Yeye kwanza, mimi nyuma yake."

Fundi cherehani alijichoma kidole na sindano.

Gatini walimkuta jirani yao, Mama Kipimo. Alikuwa mfanyakazi wa kituo cha kusukuma maji. Kila siku alishusha kipimajoto ziwani kwa kamba ndefu. Kamba ilikuwa na fundo kila mita, ili ajue amefika kina gani.

"Shemeji, leo usiruke," alisema. "Kule mchangani maji yana nyuzi ishirini na tatu. Hapa, mita mbili chini, ni nyuzi kumi na mbili. Baridi kali hiyo."

"Jirani, mwaka wa tatu huu unavua kwa kamba hiyo," Kambare alijibu. "Sijakuona na samaki hata mmoja!"

Watu walicheka. Kambare naye alicheka, akavuta kaptula juu, akakimbia, akaruka.

Chubwi!

Aliibuka macho yamemtoka. Mdomo ulikuwa wazi, lakini hakuna sauti. Alivuta pumzi, akavuta tena, akavuta tena, bila kuitoa. Maji yakamwingia mdomoni. Mikono ilipiga maji ovyo.

"Anatania!" mtu mmoja alisema. "Kambare na vituko vyake!"

Fundi cherehani hakucheka. Alikuwa ameishi na mwanamume yule miaka kumi na mbili. Hakuwahi kumwona amenyamaza kiasi kile, hata usingizini.

"Hatanii!" alipiga kelele. "Anazama!"

Hapo akaona kitu kinampita mbio. Alikuwa binti yake. Zamu yake ilikuwa imefika, na ahadi ni ahadi. Mama alirusha mkono, akadaka mkanda wa nguo ya mtoto mgongoni. Mkanda ule alikuwa ameushona mara mbili. Haukukatika.

Alimsukuma mtoto nyuma, akavua viatu vyake.

"Usiingie!" Mama Kipimo alimshika bega. "Ukiingia, tutakuwa na wawili wa kuokoa. Nipe lile dumu tupu, pale kwenye nguzo!"

Alifunga kifuniko cha dumu kwa nguvu, kisha akafunga dumu kwenye kamba yake ya mafundo. Huku akifunga, alipaza sauti:

"Shemeji! Acha kuogelea! Lala chali! Masikio yaingie majini, tazama juu!"

Kambare hakusikia.

"Mwambie wewe," Mama Kipimo alimwambia fundi cherehani. "Sauti yako ameizoea."

Fundi cherehani alijaza kifua hewa. "Baba watoto! Lala chali! Lala kama ninapokuambia uende ukachote maji!"

Kambare akalala chali. Uso ukabaki juu. Kifua kilipanda na kushuka haraka, kisha polepole kidogo.

Dumu lilirushwa, likaanguka mbali naye. Likavutwa, likarushwa tena. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Safari hii alilikumbatia kwa mikono miwili. Watu watatu walilala kifudifudi gatini, wakamvuta mpaka kwenye ngazi, wakamtoa.

Walimpeleka katika chumba cha kituo cha maji. Alitetemeka hata meno yakagongana. Mkewe alianza kumsugua miguu.

"Usimsugue," Mama Kipimo alisema. "Mvue kaptula mbichi, mkaushe taratibu, mfunike blanketi. Na kichwa pia."

"Ni-nipeni pombe kidogo," Kambare aliomba.

"Pombe itakupoza zaidi. Utakunywa chai ya vuguvugu yenye sukari, kidogo kidogo. Kisha tunakwenda zahanati. Umemeza maji, lazima mapafu yaangaliwe."

Kambare alikunywa. "Lakini kiwiko changu..."

"Kiwiko chako kimepima beseni, si ziwa. Uji ukipoa juu, ndani si bado unachoma? Ziwa sasa ni kinyume. Jua la siku nne limepasha maji ya juu na ya ukingoni. Chini bado kuna baridi ya miezi mitatu. Na upepo ukivuma kuelekea katikati, unayasukuma yale ya moto, ya baridi yanapanda. Asubuhi hivi, mchana vingine."

"Mimi naogelea tangu utoto, jirani."

"Baridi haijui hilo. Ukiingia ghafla, mwili unavuta pumzi wenyewe, hata kama kichwa kiko ndani ya maji. Ikikupata, usipigane. Elea mpaka pumzi itulie, ndipo uite au urudi."

Fundi cherehani aliuliza kwa sauti ndogo, "Na mtoto je?"

"Mtoto hupoa haraka kuliko mtu mzima."

Kambare alimtazama binti yake. Aliweka kikombe chini, akajifunika uso kwa blanketi.

Wiki iliyofuata alitengeneza ubao, akaufunga kwenye nguzo ya gati. Kila siku Mama Kipimo aliandika nyuzi za ukingoni na nyuzi za kina kirefu. Watu walipomwambia Kambare aruke, aliwaonyesha ubao. "Kumi na nne. Leo kambare ni wa nchi kavu."

Miezi miwili ilipita. Siku moja ubao ulisema ishirini na nne ukingoni, ishirini na mbili chini, upepo hakuna. Fundi cherehani alisimama gatini, dumu na kamba mkononi.

Hakuna aliyeruka. Binti alishuka polepole kwa ngazi ya upande wa mchanga. Alilowesha mikono, akalowesha uso, akangoja pumzi itulie. Kisha akaogelea kando ya ukingo, mahali anapoweza kusimama. Baba alikuwa pembeni yake.

"Nyoosha mguu! Usimeze maji, ni ya kituo hayo! Mama watoto, unaona? Unaona mwanangu? Kambare mtoto huyo!"

Aliongea hivyo kwenda na kurudi, bila kupumzika. Safari hii mkewe hakumwambia anyamaze.