Kopo la Dawa Zilizobaki

Kila siku akitoka shule, Futi alivua sare, akanawa miguu, akaingia chumba cha mbele ambako mama yake na shangazi yake walikuwa wakishona. Jina la Futi alipewa na shangazi, kwa sababu tangu hajaanza darasa la kwanza alipenda kuvaa shingoni ile kamba ya kupimia ambayo mafundi huiita futi. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, na kazi zake alizijua: kufagia vipande vya vitambaa, kupitisha sumaku sakafuni kuokota pini, kumtungia mama uzi kwenye sindano, na kutunza kopo la dawa.

Kopo lenyewe lilikuwa la maziwa ya unga, nalo lilikaa juu ya kabati karibu na mikasi. Mtu wa nyumba ile alipougua akajisikia nafuu kabla dozi haijaisha, vidonge vilivyobaki viliingia humo. Mlikuwa na vyeupe vya shangazi alipoumwa jino. Mlikuwa na vya njano ambavyo hakuna aliyekumbuka ni vya nani. Na mlikuwa na vile vya rangi mbili, ambavyo katika chumba kile vilikuwa na kazi yake maalumu. Fundi akichomwa na sindano, Futi alifungua kidonge kimoja cha rangi mbili na kumwaga unga wake kwenye kidonda. Kingine fundi alikimeza kwa maji, kazi ikaendelea.

"Hospitali yetu hii," shangazi alipenda kusema akilitikisa kopo. "Haina foleni wala daktari wa kununa."

Wiki moja walikuwa na sketi za sare za shule nzima za kumaliza. Mama alikuwa akipitisha pindo nene la kiunoni chini ya sindano ya cherehani. Kitambaa kiligoma, akakisukuma, sindano ikashuka juu ya kidole cha shahada cha mkono wa kulia na kuvunjikia ndani ya ukucha. Shangazi alikitoa kipande kwa koleo. Mama alisema "Mungu wangu" mara moja tu, kwa sauti ndogo. Futi akafungua kidonge cha rangi mbili, kama kawaida.

Siku ya tatu kidole kilivimba kikang'aa. Futi alifuatana na mama hadi zahanati. Muuguzi alikisafisha, akakifunga, akatoa vidonge vya siku saba, vitatu kwa siku.

"Umalize vyote, mama," alisema. "Hata ukiona umepona. Umenisikia?"

"Nimekusikia, mwanangu."

Baada ya siku tatu uvimbe ulishuka. Asubuhi ya siku ya nne Futi alimletea mama maji na kidonge, mama akacheka.

"Nimeze madawa ya nini na kidole kimeshapona? Tia kwenye kopo. Mwingine atavihitaji."

Futi aliyakumbuka maneno ya muuguzi. Alifungua mdomo, akaufunga. Vilibaki vidonge kumi na viwili. Akavitia kwenye kopo.

Wiki iliyofuata mama alishindwa kushika mkasi. Kidole kilikuwa chekundu, kisha kikawa cha rangi ya udongo wa mfinyanzi, na kilitoa harufu.

"Mwili wako umeshazoea zile za mwanzo, wifi," alisema shangazi. "Tuchanganye."

Akampa vyeupe viwili na cha njano kimoja. Kesho yake akampa tena. Siku ya tatu mkono wote ulivimba hadi kwenye kiwiko, na mstari mwekundu ukapanda ndani ya mkono kama uzi. Mama alitetemeka kwa homa chini ya mablanketi mawili. Alimtazama Futi, akamwita kwa jina la marehemu mumewe, akamwuliza kama amekula. Hapo ndipo shangazi alipotoka mbio kutafuta gari.

Hospitalini walipokewa na daktari, mwanamke mfupi mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha.

"Tangu uumie umetumia dawa gani?" aliuliza.

"Zile za zahanati tu, daktari," mama alijibu kwa shida. "Nilimaliza zote."

Futi alimtazama shangazi. Shangazi aliitazama sakafu.

Daktari aliandika dawa ya kupitia kwenye mshipa. Mtaalamu wa maabara alichukua usaha kidogo kwa kijiti chenye pamba. Alisema watawaotesha wadudu wa ugonjwa, yaani bakteria, kwenye kisahani waone ni dawa gani inawaua, na majibu yangechukua siku mbili.

Mama hakuonekana kama mtu mwenye siku mbili. Kesho yake mchana homa ilikuwa vilevile na mkono umeongezeka. Daktari alimwita shangazi ukumbini, na Futi aliyasikia yote.

"Kidole kimekufa, hicho lazima tukitoe. Lakini ugonjwa unapanda. Dawa isipofanya kazi itabidi tuukate mkono. Na ukishaenea kwenye damu, hata kukata hakutasaidia."

Shangazi alikaa kwenye benchi kama gunia lililotupwa. Futi alisogea karibu yake.

"Shangazi, tumwambie kuhusu kopo."

"Nyamaza." Shangazi alimshika kifundo cha mkono. "Mama yako ameshasema alimaliza. Unataka kumfanya mwongo mbele ya watu?"

"Akifa, nitakuwa nimemfichia nani aibu?"

Mkono wa shangazi ulilegea. Futi aliomba kimoyomoyo, maneno matatu tu, kisha akaingia chumba cha daktari bila kubisha.

"Mama hakumaliza dawa," alisema, machozi yakimtoka. "Alimeza siku tatu. Halafu akameza zingine za kwenye kopo letu. Mimi ndiye ninayelitunza."

Alingoja kugombezwa. Daktari alisimama.

"Kopo liko wapi?"

"Nyumbani."

"Kimbia."

Alirudi akihema, kopo kifuani. Daktari na mtaalamu wa maabara walivimwaga vidonge kwenye sinia wakavitenga kwa kijiko, aina kwa aina.

"Hivi vyeupe," daktari alisema taratibu, "ni ndugu wa dawa tuliyomwekea jana. Wadudu wake wameshaijua. Tumepoteza siku nzima." Alikuwa tayari anaelekea mlangoni. "Tunabadilisha sasa hivi. Hatungoji majibu."

Jioni ile walikitoa kidole. Futi na shangazi walikaa nje wakishikana mikono, wala hakuna aliyemlaumu mwenzake.

Kesho yake mtaalamu wa maabara aliwaonyesha kisahani chenye mfuniko wa kioo. Ndani yake mlikuwa na utando wa kijivu wa bakteria, na juu yake vikaratasi saba vya mviringo.

"Kila kikaratasi kina dawa yake," alisema. "Dawa ikiua, utaona duara tupu pembeni yake. Tazameni."

Walitazama. Karibu na vikaratasi sita utando ulikuwa umeota hadi ukingoni, kana kwamba hakuna dawa yoyote. Kimoja tu kilikuwa na duara tupu.

"Hiyo ndiyo dawa aliyobadilishiwa jana," alisema.

"Kwa hiyo mwili wake ulikuwa umezoea dawa," shangazi alinong'ona.

"Hapana," alisema mtaalamu. "Mwili hauzoei. Wanaozoea ni hawa bakteria. Ukiwapiga nusunusu, leo hii, kesho ile, wanakufa dhaifu. Wagumu wanabaki, wanazaana, na watoto wao ni wagumu hivyohivyo. Kisha wanahamia kwa mtu mwingine wakiwa na ugumu wao."

"Si zitatengenezwa dawa mpya?" Futi aliuliza.

"Watafiti wako kazini. Wapo wanaojaribu hata virusi vinavyoshambulia bakteria. Lakini dawa mpya huchukua miaka mingi. Hawa huchukua siku."

"Na hii moja nayo ikishindwa?"

Mtaalamu alikirudisha kisahani mahali pake polepole.

"Leo haijashindwa. Tushukuru kwa leo."

Siku ya nne homa ilimwachia mama. Aliutazama mkono uliofungwa, akahesabu vidole kwa macho, kisha akamgeukia Futi.

"Ni wewe uliyemwambia daktari?" aliuliza.

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

"Nikusamehe nini? Mimi mtu mzima nilidanganya ili nisigombezwe, kama mtoto wa chekechea. Wewe uliogopa kuliko mimi, na bado ulisema." Aligeuza uso ukutani. "Mungu amenihurumia kupitia mdomo wako."

Alimeza dawa hadi kidonge cha mwisho, Futi akimhesabia. Zile za kopo hospitali ilizichukua kwenda kuziteketeza. Sketi za sare alikuwa ameshapewa fundi mwingine. Mama alipokaa tena kwenye cherehani, alijifunza kusukuma kitambaa kwa kidole cha kati. Mishono ilikwenda upande. Aliifumua, akashona, akaifumua tena, na shangazi kwa mara ya kwanza hakuwa na utani.

Asubuhi moja ya siku ya mapumziko jirani alipita na mwanawe mgongoni.

"Dada, nisaidie vile vya rangi mbili, viwili tu. Mtoto anakohoa."

Mama aliiacha kazi. Aliuweka mkono wa kulia juu ya meza, bila kuuficha kwa kitambaa.

"Vidonge vya lile kopo ndivyo vilivyonifikisha hapa," alisema. "Twende zahanati."

"Na foleni ile?"

"Tutakaa wote. Futi, nipe mtandio wangu."

Walikaa hadi jua likawa kichwani. Muuguzi alimsikiliza mtoto kifuani, akasema ni mafua, hayahitaji vidonge vile kabisa. Apewe maji ya kutosha na apumzike, na akianza kupumua kwa shida arudishwe haraka.

"Foleni yote ile kwa ajili ya maji!" jirani alilalamika walipotoka.

"Ndiyo, kwa ajili ya maji," mama alimjibu. Kisha akamgeukia Futi, na sauti yake ikawa nzito. "Sikiliza, mwanangu, na wewe jirani usikie. Kila dawa ina ugonjwa wake, na ina siku zake. Usimeze ya mwenzio, usiikatishe njiani, usiiweke akiba. Na daktari akikuuliza ulichomeza, mwambie kweli hata kama unaona haya. Haya yangu yalichukua kidole. Kweli ya mtoto huyu ndiyo iliyoniachia mkono."

Jirani aliutazama ule mkono. Alimkaza mwanawe mgongoni, wakarudi nyumbani polepole, kwa sababu mama alikuwa bado anachoka haraka.